Gari la Pilnam Lilipoacha Kugonga

Tak Pilnam alikuwa akisikika kabla hajaonekana. Gari lake dogo jeupe likifika kwenye daraja la Neutgol lilianza kugonga kwa mbele, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa funguo, na mume wangu, hata akiwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, alisema, "Mama Jinuk huyo anapita." Hakukosea hata mara moja. Gereji yetu iko pale barabara inapoanza kupanda mlima kwenda mji wa Taebaek, na hakuna gari la bonde hili linalokwenda mjini bila kupita mbele ya dirisha langu.

Mume wangu ni fundi Ham Dusik, baba wa mtoto wetu Hyerim. Mimi kazi yangu ni kupokea simu, kuagiza vipuri, kuwakorogea wateja kahawa ya pakiti, na kusikiliza. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyaona, na mengine Pilnam aliniambia mwenyewe tukimenya viazi, naye ameniruhusu kuyasema.

Jina lake lina kisa. Baba yake, mchimba makaa, alikuwa na kiu ya mtoto wa kiume. Alipozaliwa binti mwingine akampa jina hilo la Pilnam, maana yake anayefuata sharti awe mwanamume. Aliyefuata akawa msichana tena. Mzee akacheka mpaka akakaa chini, akasema tumbo la mke na tumbo la mlima yote mawili hayapokei amri, na tangu siku hiyo akampenda Pilnam kuliko wengine wote. Mimi nilimfahamu tukiwa wasichana. Amenizidi kidogo kwa umri, ndiyo maana namwita dada.

Aliolewa na Seok Hyeonbae, kijana mpole mwenye masikio makubwa, naye wa mgodini. Migodi ilipofungwa Hyeonbae akaendesha lori la kabichi kutoka mashamba ya juu. Walipata mtoto mmoja, Jinuk, ambaye sasa anachomelea meli huko Ulsan. Wakaishi pamoja na mama mzazi wa Hyeonbae, Bibi Eom Gannan, mwanamke mfupi, mwenye ulimi mkali kama siki ya mwaka juzi.

Hyeonbae alikufa msimu wa kabichi. Walikuwa wamemaliza kupakia, akaegemeza kichwa kwenye kioo cha lori, wenzake wakadhani kalala. Kumbe moyo ulikuwa umesimama.

Msibani, nikiwa nimeshika sinia la vyakula, nilimsikia Bibi Gannan akimwambia mkwewe mbele ya watu wote, "Umemla mwanangu." Ni neno la zamani, wakwe wa kike wa milimani wanalijua, na wengine hulitamka kwa uchungu tu. Lakini halitoki mdomoni likarudi. Pilnam aliendelea kuwamiminia wageni supu bila kumwaga hata tone. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Watu walidhani bibi atahamia kwa binti yake huko Incheon. Hakwenda. Alisema nyumba ya mwanawe iko hapa, na mwenye kutaka kuondoka aondoke. Pilnam naye hakuondoka. Basi wakabaki wawili chini ya paa moja, wakiongea maneno yanayotosha tu kuendesha nyumba.

"Mama, chakula tayari."

"Weka hapo."

"Mama, dawa."

"Nimeziona."

Miaka ikapita hivyo. Kisha figo za bibi zikachoka. Daktari akasema lazima damu isafishwe kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hospitalini, ng'ambo ya mlima. Basi la bondeni lilikuwa haliendani na saa za hospitali. Pilnam, ambaye alikuwa hajawahi kushika usukani wa kitu chochote zaidi ya toroli la kabichi, akaenda kutafuta leseni akiwa amevuka miaka hamsini. Alishindwa mtihani, akarudia, akashindwa, akarudia, mpaka mkaguzi akawa anamuuliza habari za bei ya viazi kabla hawajawasha gari. Mwisho alifaulu. Akanunua gari lililokwishatumika kwa muuza tofu ya maharage aliyekuwa anastaafu, akabadili zamu zake kwenye jiko la shule, na safari zikaanza.

Bibi Gannan alikaa kiti cha nyuma. Kiti cha mbele aliweka mfuko wake wa blanketi, kana kwamba mfuko ndio uliokuwa mgonjwa. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilisikia ukilipigia kelele. Jinuk alimnunulia kifaa cha kusikilizia, bibi akakitia ndani ya soksi na soksi ndani ya droo. Alisema kinamletea sauti za jokofu.

"Huongei naye kabisa njiani?" nilimuuliza Pilnam siku moja.

"Tuongee nini? Gari lenyewe linaongea kwa niaba yetu."

Na kweli lilikuwa linaongea. Mwaka ule lilizidi. Mume wangu alilisimamisha mara nyingi hapo mbele ya gereji, akalitikisa kwa mkono, akasikiliza.

"Mama Jinuk, bushi zimekufa."

"Zimekufa kivipi na gari linatembea?"

"Gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma. Pale mkono unapoungana na mwili wa gari kuna mpira mnene, ndiyo bushi yenyewe. Mpira ukikatika, chuma kinapiga chuma. Hiyo ndiyo kelele yako. Kelele si neno, lakini siku moja utakanyaga breki na gari litakwenda linakotaka lenyewe."

"Basi nitakanyaga polepole."

"Mlima haujui polepole."

"Baba Hyerim, na wewe, unaongea kama mhubiri. Nitalileta. Nikipata siku."

Siku hakuipata. Huu ndio ubaya wa gari la kila siku: linaharibika kila siku, na kila siku linahitajika.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, barabara ya mlimani ikatoboka mashimo kama kawaida yake. Ijumaa moja, wakirudi kutoka hospitalini, Pilnam alikuta lori limesimama baada ya kona. Akakanyaga breki. Gari likavuta kulia, likaacha lami, likasimama tairi likiwa kwenye ukingo wa mtaro, na chini ya mtaro ni bonde. Dereva wa lori alikuja mbio akawasaidia kurudi barabarani. Bibi nyuma alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Pilnam aliteremka mlima kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, akaingia gerejini, akazima gari, akabaki amekaa. Mume wangu alimtazama usoni, akafungua mlango, akachomoa funguo mwenyewe.

"Funguo leo sikupi."

"Jumatatu ni hospitali."

"Leo ni Ijumaa. Vipuri vitakuja na basi la kesho asubuhi. Kesho mchana unaondoka nalo. Sasa hivi nawapeleka nyumbani na gari langu."

Hakubisha. Nilijua basi kwamba ameogopa kweli.

Jumamosi alikuja, na bibi pia, kwa kuwa hawezi kuachwa peke yake tangu alipoanguka bafuni. Nikamkaribisha bibi kwenye chumba chetu nyuma ya ofisi, ambacho sakafu yake hupashwa joto kwa chini, nikamwekea viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi. Alikaa karibu na dirisha linalotazama ndani ya gereji. Nje kulikuwa na upepo ule wa mwisho wa baridi, unaouma kuliko wa katikati.

Mume wangu alilinyanyua gari kwenye lifti, akatoa magurudumu ya mbele, akachomeka mtaimbo kati ya mkono wa chuma na boriti, akausukuma. Mkono ukacheza kama jino la mtoto.

"Umeona?" akamwambia Pilnam. "Njoo karibu. Huu ulikuwa mpira."

Pilnam akashika tochi, akachungulia. Mpira ulikuwa umepasuka pande zote, mweusi na mkavu kama ganda la muwa lililotafunwa.

"Nilikuwa nampandisha mama mkwe mlimani na hiki?"

"Sasa hutampandisha nacho tena. Niangazie hapa."

Kazi ilianza vizuri ikasimama kwenye bolti moja. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imeila mpaka bolti na chuma chake vikawa kitu kimoja. Mume wangu alimimina mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, akaivuta kwa bomba refu, haikutikisika. Akaipasha moto kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, akaigonga, akaivuta. Alianza kuitukana kwa sauti ya chini. Pilnam aliendelea kuangazia tochi, pua imegeuka nyekundu, kichwa wazi.

Ndani, bibi alikuwa hajagusa viazi. Alikuwa anatazama dirishani.

"Hakuvaa kitu kichwani," akasema.

Nikainama kwenye sikio lake la kushoto. "Unasemaje, bibi?"

Akavua mtandio wake wa sufu, ule wa zambarau anaovaa hata usingizini, akanisukumia. "Mpelekee. Usimwambie ni mimi."

"Bibi, nani asiyeujua mtandio wako bonde hili?"

"Sema umeuokota."

Nikaupeleka. Pilnam aliutazama, akanitazama mimi, nami nikasema nimeuokota. Hakucheka. Akajifunga kichwani, akarudisha tochi mahali pake.

Bolti ilitoka baada ya chakula cha mchana, kwa mlio wa mlango wa ghala. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mume wangu aliitoa mikono yote miwili, ya kulia na ya kushoto, kwa sababu hatengenezi upande mmoja. Anasema ukimvisha mtu kiatu kipya mguu mmoja unamfanya kilema. Kwenye mashine ya kukandamiza alisukuma bushi za zamani zikatoka vipande vipande, akasafisha matundu yake kwa brashi ya chuma, akasukuma mpya zikaingia taratibu, akizungusha, akipima, akirudia. Akairudisha mikono mahali pake, akatia bolti mpya. Lakini hakuzikaza.

"Mbona umeziacha?" Pilnam akauliza.

"Gari liko hewani, miguu inaning'inia. Nikizikaza hivi, mpira utashikwa ukiwa umejipinda, na gari likishuka chini utaishi umejipinda hivyo hivyo mpaka ukatike. Kwanza gari lisimame kwa uzito wake. Ndipo tunakaza."

Akalishusha juu ya mbao nene, akalitikisa likatulia, akaingia chini, akakaza bolti moja baada ya nyingine. Mwisho akapima magurudumu yasimame sawa, akaenda nalo mpaka darajani akarudi. Mimi nilikuwa dirishani nikisubiri ile ko-ko-ko, na gari likaja likaingia kimya kama paka.

"Haya," akasema, akampa Pilnam funguo. "Sasa utasikia redio."

"Redio yake haifanyi kazi," Pilnam akasema.

Jumatatu asubuhi lilipita mbele ya dirisha langu sikulisikia. Yaliyotokea ndani yake ndiyo haya aliyonieleza Pilnam.

Walipovuka daraja alisikia mtu anaongea nyuma. Alidhani bibi anazungumza na simu, kisha akakumbuka bibi hana simu. Akatazama kwenye kioo. Mama mkwe wake alikuwa ametazama nje, uso umetulia, midomo inakwenda. Hakuwa anaongea kwa siri. Alikuwa anaongea kama mtu anayeongea mahali penye kelele, akijua sauti haimfikii mtu.

"Hyeonbae wangu, daraja tumelipita. Leo barabara wameitia lami mpya, sijui serikali imepatwa na nini, labda uchaguzi uko karibu. Hatutikisiki kabisa. Mkeo amevaa tena lile koti jepesi. Mimi natazama mabega yake tu huku nyuma, yamebaki mifupa. Anakula amesimama. Nani alimfundisha kula amesimama? Jana kanipikia mchuzi wa maharage, hauna chumvi hata chembe, ni kama maji ya kuoshea mchele. Lakini ni kwa ajili yangu, na yeye mwenyewe anakunywa huo huo, hajipikii mwingine. Angejipikia mwingine. Mwambie ajipikie mwingine."

Pilnam alishika usukani. Mlima ulikuwa umeanza, kona baada ya kona, na sauti ile ikaendelea nyuma yake.

"Ijumaa alitaka kutuua, lakini gari aliligeuza vizuri. Sikumwambia. Kila siku nasema leo nitamwambia kitu, nikifungua mdomo kinatoka 'weka hapo'. Na lile neno la siku ya kukuzika wewe ulilisikia, ulikuwa umelala pale pale. Mimi nililisema, mwanangu, na kuliondoa siwezi, ulimi wangu umezeeka vibaya. Wewe huko uliko una nafasi. Mwendee ndotoni umwambie."

Miaka yote ile, kila safari, bibi alikuwa akizungumza na mwanawe nyuma ya kelele za zile bushi. Na sasa kelele zilikuwa zimeondoka, naye kwa masikio yake hakujua. Alihisi tu kwamba hatikisiki, akaisifu serikali.

Mchana ule, wakirudi, Pilnam aliegesha mbele ya gereji, bibi akiwa amesinzia nyuma, akaingia ofisini macho yamevimba. Mume wangu alimwona akaacha spana.

"Bado linagonga?"

"Haligongi."

"Linavuta upande?"

"Halivuti."

"Basi unalia nini, Mama Jinuk?"

"Limekuwa kimya," akasema, akakaa kwenye kiti, akajifunika uso.

Nikamwambia mume wangu aende akanywe kahawa nje. Alikwenda, lakini hakufika mbali, kwa sababu Pilnam alipomaliza kunisimulia, sauti ilitoka nyuma ya mlango: "Kama mnataka, naweza kulegeza bolti moja." Nilimrushia glavu.

"Utamwambia?" nikamuuliza Pilnam.

"Nimwambie nini? Kwamba namsikia? Atafunga mdomo mpaka kaburini. Mwache aongee na mwanawe."

Basi akamwacha. Safari zikaendelea, Pilnam mbele kimya, bibi nyuma na habari zake: kabichi za jirani, mashine ya hospitali, mgonjwa mwenzake anayekoroma. Pilnam aliniambia nusu ya njia alikuwa anauma mdomo asicheke, na nusu nyingine asilie. Alijiona kama mtu anayechungulia jikoni kwa mwenzake. Lakini mtu akisikia kitu, hawezi kuishi kama hakukisikia. Alitoa koti lake nene kabatini akalivaa. Akaanza kukaa mezani wakati wa kula, ng'ambo ya bibi, na kisahani chake cha kimchi pembeni, ile kabichi yetu ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili.

Jumatano iliyofuata, kwenye kona za juu, akasikia nyuma:

"Hyeonbae, kumbe ulimwendea. Ahsante, mwanangu. Leo kavaa koti nene. Na jana tumekaa pamoja, amekula na kimchi. Nilijua utamwambia. Nilijua uko karibu."

Mpaka wakati ule Pilnam alidhani anaficha jambo dogo. Sasa aliona kwamba bibi anapokea majibu kutoka kwa mwanawe aliyekufa, na mwenye kujibu ni yeye. Akinyamaza, anamdanganya mama kuhusu mwanawe. Akisema, anamnyang'anya mwanawe mara ya pili. Alibeba mzigo huo siku kadhaa. Alikuja kwangu, tukamenya ndoo nzima ya viazi. Nilimwambia tu, "Dada, wewe si mtu wa kuchungulia. Utaumwa."

Juu kabisa mlimani, kwenye kilele cha Saetjae, pana uwanja mdogo wa kuegesha, watu husimama kutazama mashamba. Ijumaa ya juma lililofuata alisimama hapo. Maua ya azalea yalikuwa yameanza kutoa rangi chini ya misonobari. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akachuchumaa upande wa sikio la kushoto.

"Tumefika?" bibi akauliza.

"Bado, Mama. Nina neno. Nakusikia unapoongea."

"Nini?"

"Nakusikia. Ukiongea na Baba Jinuk njiani. Nasikia yote."

Bibi alimtazama. Akatazama gari, akatazama barabara.

"Tangu lini?"

"Tangu fundi Ham alipolitengeneza gari. Lilikuwa linapiga kelele, sasa limenyamaza."

"Kumbe si lami."

"Si lami, Mama."

"Basi na lile la mchuzi ulilisikia."

"Nililisikia."

"Si mzuri ule mchuzi."

"Daktari ndiye aliyekataza chumvi." Pilnam akashika ukingo wa mlango. "Mama, koti nililivaa kwa sababu nilikusikia wewe. Na kukaa mezani pia. Hakuna aliyenijia ndotoni. Nisamehe. Sikutaka uendelee kudhani."

Aliinamisha kichwa akingojea. Alitegemea kilio, au ulimi ule wa siki. Bibi Gannan akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu za sokoni.

"Mimi nilimwomba nini?" akasema. "Nilimwomba akufikishie maneno yangu. Maneno yamekufika?"

"Yamefika."

"Basi kafanya kazi yake. Kama alipita kwenye ndoto au kwa fundi Ham, hiyo ni shauri yake. Tangu mdogo alikuwa hapiti njia ninayomwelekeza."

Pilnam akacheka, akashindwa kujizuia, na kicheko kikageuka kikawa kilio katikati. Akakifuta kwa mkono wa koti lile nene. Kisha akasema jambo ambalo mimi, nikiwa yeye, nisingethubutu.

"Lakini lile neno la msibani, Mama, yeye hakuniletea. Hilo uliondoe mwenyewe."

Upepo ulikuwa unapita kwenye misonobari. Bibi alitazama mikono yake, ile yenye makovu ya sindano za mashine. Alichukua muda mrefu hata gari moja likaja, watu wakashuka, wakapiga picha, wakaondoka.

"Nilikuwa natafuta wa kumlaumu," akasema mwishoni. "Mungu yuko mbali, mgodi umefungwa. Wewe ulikuwa umesimama karibu, na bakuli la supu. Nikakurushia wewe. Hukumla mwanangu. Ulimlisha. Alinenepa kwako." Akainua macho. "Nimekukosea, mwanangu."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia vizuri? Sirudii."

"Nimesikia vizuri."

"Haya, twende. Mashine hainisubiri."

Lakini Pilnam alipotaka kufunga mlango, bibi alitoa mguu nje. Akashuka taratibu akimshika mkono, akazunguka, akatoa mfuko wa blanketi kwenye kiti cha mbele, akautupa nyuma, akakaa yeye. Walipokuwa wanateremka upande wa pili alisema kutoka pale mbele milima inaonekana tofauti. Kisha akasema Pilnam anakata kona kwa haraka mno. Aliendelea kusema mpaka hospitalini.

Kile kifaa cha kusikilizia kilitoka ndani ya soksi mwezi ule ule. Bibi alikilaani kila siku, akakivaa kila siku. Sisemi walikuwa kama mama na binti. Walikuwa kama wakwe wawili wanaobishana, na anayejua maisha ya nyumba anajua hiyo ni neema kubwa. Wakati wa kutengeneza kimchi ya majira ya baridi niliwakuta uani, kabichi zimejaa kwenye mabeseni, wakigombana kuhusu pilipili, na bibi akamlisha Pilnam jani la kwanza kwa mkono wake, mdomoni, kama tunavyofanya, huku akimwambia amekosea kipimo.

Aliishi mpaka azalea zikachanua tena, na mara nyingine baada ya hapo. Alikufa nyumbani asubuhi, Pilnam akimvisha soksi. Safari hii msibani supu tuliimimina sisi majirani. Pilnam alikaa kwenye nafasi ya mfiwa, akalia kwa sauti, kama anavyolia mtu ambaye hana la kuficha.

Nilidhani gari ataliuza. Wala hakuliuza. Kwenye chumba cha mashine pale hospitalini kulikuwa na wazee wengine wa bonde hili, waliokuwa wanaamka gizani kuwahi basi na kurudi jioni wamepauka. Aliwajua wote kwa majina, na nani anakoroma. Mwezi haukuisha, akaanza kuwapitia nyumbani kwao. Sasa ameacha jiko la shule, na hiyo ndiyo kazi yake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Juma lililopita alisimama kwetu kujaza upepo kwenye matairi. Ndani wazee watatu walikuwa wanabishana kama viazi vya mwaka huu vimezidi vya mwaka jana, kila mmoja akimpigia mwenzake kelele kwenye sikio lisilosikia. Mume wangu aliinama akatazama chini ya gari kwa mazoea tu, akasema pako salama. Mimi nikawafungia viazi vya moto, vya kuwatosha wote na dereva wao, na Pilnam akaondoka kuuwahi mlima kabla ukungu haujashuka.